Pochi ya Zipu Mbovu

Nitamsimulia Ngai Chi-Keung kama mtu baki, ingawa jina lake ndilo jina langu, na suruali aliyoivaa siku ya mkasa ninayo mpaka leo. Nimejaribu mara mbili kuisimulia habari hii kwa "mimi", na mara zote mbili nikajikuta najipendelea. Aibu ya mwenzako husimulika vizuri zaidi. Basi tumwite yeye, tumcheke pamoja, na nikiona amestahili nitamrudishia jina lake kabla hatujaagana.

Huyo Ngai alikuwa na kazi moja tu katika jiji zima la Hong Kong, nayo ni kushindwa kulipa bili. Usije ukanielewa vibaya. Asiye na pesa hushindwa kulipa hata bila kusomea. Ngai alishindwa kwa ufundi, mbele za watu, akipigana kiume, na aliyemshinda alirudi nyumbani akijiona mtu wa maana.

Kwetu, watu wawili wakimaliza kula, ugomvi huanza. Kila mmoja anataka kulipa. Kumwachia mwenzako alipe kimya kimya ni kutangaza kwamba ulilelewa na mbuzi. Kwa hiyo watu hunyang'anyana karatasi ya bili, huvutana mikono, huapa kwa makaburi ya wazazi, na watu wazima wenye mvi husukumana mbele ya mhudumu kama watoto wa chekechea. Mwishowe mmoja hushinda akalipa. Mwingine hushindwa, akaondoka amekasirika na ameshiba. Ngai aliligundua jambo hili akiwa na miaka thelathini na minane, asubuhi moja, katikati ya kikapu kidogo cha mvuke chenye miguu ya kuku, na akashangaa kwamba halijawahi kufundishwa shuleni.

Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, hakulipia kikapu hata kimoja. Kila asubuhi aliingia Wing Shun Lau, nyumba ya chai iliyo ghorofa ya pili pale Sham Shui Po, akaketi meza namba sita karibu na nguzo. Ukumbi ulijaa kiasi kwamba wageni walisimama nyuma ya viti wakisubiri mlaji anyanyuke, kwa hiyo meza ziligawanywa na watu wasiojuana. Ngai aliwapokea wote. Kikapu cha kwanza alikuuliza unatoka wapi. Kikapu cha pili alikuwa amegundua kwamba baba zenu walipanda meli moja. Kikapu cha tatu mlikuwa ndugu, na ndugu lazima mgombanie bili.

Silaha yake ilikuwa pochi. Aliinunua kwenye soko la vitu chakavu la Mtaa wa Apliu, kwa mzee aliyetaka kuitupa kwa sababu zipu yake ilikwama kwenye jino la tatu na haikwenda mbele wala nyuma. Ngai alilipa bila kuomba kupunguziwa, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Bili ikifika alirukia, akapiga kelele nusu nukta baada ya mwenzake, akachomoa pochi kwa ghadhabu, akavuta zipu. Zipu ikakwama. Akavuta tena, jasho likamtoka, akamlaani fundi, akamlaani na mke wa fundi, na alipoinua kichwa mwenzake alikuwa ameshapewa chenji. "Umenidhalilisha," Ngai alikuwa akisema hapo, na sauti ilitetemeka kidogo. Siku chache alizokosa ndugu mpya alilipia chai peke yake, akashinda na njaa.

Sitaki umdhanie kwamba alipenda chakula tu. Alikuwa amepanga chumba kimoja chenye ukubwa wa kabati, na mwenye nyumba alimwita "chumba cha nne", kama vile yeye na mlango ni kitu kimoja. Hakuwa na mke wala ndugu wa kumwuliza ameamkaje. Lakini akipanda ngazi za Wing Shun Lau, kabla hata hajafika meza namba sita, Mzee Sing, mhudumu mwenye taulo begani na mgongo uliopinda, alikuwa ameshaweka birika la chai nyeusi na kikombe. "Bosi Ngai, umeamkaje." Hakuna mahali pengine duniani palipojua jina lake. Hilo ndilo lililomtoa kitandani kila asubuhi, na vifurushi vya mvuke vya kamba wa baharini vilifuata nyuma.

Sasa sikia alivyoingizwa mjini.

Siku moja ya Jumanne aliketi mbele yake bwana aliyejitambulisha kuwa Poon Siu-Lun, mfanyabiashara wa vigae vya bafuni. Alikuwa na pete ya jiwe la kijani kubwa kama kunde, na akaagiza kutoka kila mkokoteni wa chakula uliopita kati ya meza: kamba, nyama, keki ya figili, tambi pana, maandazi ya mvuke. Kisha, jambo lililomsisimua Ngai hadi kwenye unyayo, akabakiza. Vikapu viwili vilirudi na chakula ndani. Ngai hakuwahi kumwona mtu akibakiza kwa utulivu namna ile, na moyoni akasema, huyu hajawahi kulala njaa hata siku moja.

Bili ilipokuja, Poon alikuwa ameshaiweka noti juu ya sinia hata Ngai hajafikia mfuko. Pochi ilitoka mfukoni bure. Zipu haikupata hata nafasi ya kukwama.

"Kaka Ngai, usinitie aibu," Poon alisema akitabasamu. "Meza ni yako, mimi ni mgeni tu. Hivi ni yako kila siku? Kwa msongamano huu?"

"Miaka kumi na mmoja," Ngai alisema.

"Basi una mkono wako humu ndani."

Hapo ndipo fursa ilipobisha hodi, na Ngai, ambaye hakuwahi kuifungia fursa mlango, akafanya kitu ambacho matapeli wanaoanza kazi hushindwa kukifanya: hakusema neno. Alichukua birika akamwongezea mwenzake chai. Poon akagonga vidole viwili juu ya meza, kama tunavyoshukuru sote, na macho yake yakaangaza. Mtu akitaka kudanganywa, kazi yako ni kumimina tu.

Kufikia Alhamisi, Ngai alikuwa mmiliki wa sehemu ya Wing Shun Lau. Kufikia Jumamosi, sehemu yenyewe ilikuwa robo. Mwenye nyumba ya chai halisi alikuwa mzee Tam, aliyeonekana pale mara moja kwa mwaka, na kwa mujibu wa Ngai alikuwa mgonjwa, amechoka, na amemwachia Ngai kazi ya kutafuta mtu mwaminifu wa kununua robo nyingine kimya kimya, kabla matajiri wa upande wa pili wa bandari hawajanusa. Poon aliuliza swali moja tu la maana: mbona mmiliki analetewa bili kama watu wengine? Ngai akajibu kwa huzuni kwamba mmiliki anayekula bure huozesha nyumba yake. Alilisema vizuri mno hadi yeye mwenyewe akaguswa.

Asubuhi zote tatu Poon alipigania bili na akashinda. Ngai alirudi kwenye kabati lake akipiga mluzi. Aliona mbele yake donge la kumaliza kazi, dola elfu themanini za kuonyesha nia, ambazo Poon alikubali kuzitoa kwa urahisi wa mtu anayetoa njia. Ngai alishapanga: angezichukua, angekaa miezi sita Macau, kisha angerudi meza namba sita na hadithi nzuri. Kumbe mtu mzima anaweza kupanga wizi na hapo hapo akapanga atarudi vipi kunywa chai mahali palepale. Nikikumbuka hesabu hiyo huwa nacheka peke yangu jikoni, wenzangu wananitazama.

Mzee Sing alijaribu. Jumamosi, akipangusa meza, aliinama na kusema polepole, "Bosi Ngai, yule bwana anabakiza."

"Ndiyo maana ya utajiri, mzee."

"Tajiri hubakiza chochote. Huyu hubakiza keki ya figili na maandazi. Kamba habakizi hata mmoja."

Ngai alimtazama yule mzee kwa huruma na kujiambia kwamba wivu hauna umri. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Ngai lilikuwa limeshachimbiwa kaburi.

Mpango wa mwisho aliutoa Poon mwenyewe. Shangazi yake, Bibi Mak, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa anatimiza miaka themanini Jumapili. Ilikuwa siku njema ya kukabidhiana fedha ya bahati. Je, Kaka Ngai angekubali kumwandalia mama mzee chakula cha mchana hapa, nyumbani kwake? Bahasha nyekundu, ambayo kwetu ndiyo hubeba fedha ya namna hiyo, ingetolewa mezani, mbele ya shangazi awe shahidi.

Ngai alilala na neno "nyumbani kwake" likimkwaruza kidogo. Mwenyeji nyumbani kwake ndiye hulipa. Lakini akajipa moyo kwa sababu mbili. Kwanza, Poon hajawahi kushindwa bili, na mtu haachi tabia siku ya sherehe. Pili, hata ikitokea ajali yeye Ngai akashinda, si atakuwa na elfu themanini mfukoni? Akageuka upande wa ukuta akalala kama mtoto aliyeoga.

Jumapili saa sita Bibi Mak alipanda ngazi akishikwa mkono. Alikuwa mdogo, amevaa koti la hariri ya zambarau, na meno aliyobaki nayo yangehesabika kwa kiganja kimoja. Ngai alimwinamia akamwita shangazi, akampa kiti kinachotazama mlango, akamwoshea kikombe na vijiti vya kulia kwa chai ya moto kwa mkono wake. Kisha, kwa kuwa mkono mtupu haumwendei mwenye siku yake, akampa bahasha nyekundu. Ndani yake aliweka kodi ya chumba cha nne ya mwezi mzima. Ilikuwa zawadi ya kwanza ya kweli aliyowahi kumpa binadamu, na aliitoa kwa mikono miwili, akijiona mkulima anayefukia mbegu. Bibi Mak aliikataa mara mbili kama adabu inavyotaka. Ya tatu ikapotelea kwenye mkono wa koti la zambarau.

Poon naye akatoa yake. Ilikuwa nene, nyekundu, yenye maandishi ya dhahabu, na Ngai alipoipokea kwa mikono miwili alihisi uzito wake mpaka kwenye magoti. Hakuifungua. Nani kwetu hufungua bahasha nyekundu mbele ya aliyeitoa? Afadhali uvue viatu upande juu ya meza. Aliitia mfuko wa ndani, upande wa moyo, na tangu dakika hiyo akawa mtu mwingine. Aliagiza kama mmiliki.

Alikuja mwana-nguruwe wa kuchoma, ngozi inavunjika kama kioo. Alikuja chewa wa mvuke, mzima, macho yanatazama juu. Wakaja konokono wa baharini, wale ambao bei yao haiandikwi ukutani kwa sababu kila siku ina yake. Ikaja supu ya viota vya ndege, na kwa ajili ya siku yenyewe yakaja maandazi ya mvuke yenye umbo la pichi, ya kumtakia mama mzee umri mrefu. Bibi Mak, kwa meno yake manne, alikula kama kikosi cha jeshi kilichorudi kutoka vitani. Alipotosheka aliomba maboksi. Alifungasha nusu ya nguruwe, konokono wote waliobaki, na pichi kumi, na akamkumbusha Ngai kwa upole kwamba shavu la chewa ni tamu, asisahau kulila kabla yeye hajalifungasha.

Wakati wote huo Mzee Sing alikuwa akipita na birika, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua.

Bili ikaja juu ya sinia dogo. Ilikuwa kodi ya kabati lile kwa miezi mitatu.

Ngai alirukia kwa mazoea, akichelewa nusu nukta kwa makusudi. Poon naye akarukia, amechelewa vilevile. Mikono yao ikakutana juu ya sinia. Ngai akavuta kidogo, vile vile alivyozoea, ili apokonywe. Hakupokonywa. Akainua macho. Poon naye alikuwa akivuta kidogo.

"Niachie, kaka," Ngai alisema.

"Sikuachii," Poon alisema, na akalegeza.

Ngai akalegeza zaidi. Sinia likabaki katikati, limeshikwa na vidole vinne visivyolitaka. Akachomoa pochi, akavuta zipu, ikakwama, akalaani fundi. Poon akaingiza mkono kwenye koti lake, na mkono ukanasa kwenye kitambaa cha ndani ukakataa kutoka. Ngai akavuta zipu hadi uso ukawa mwekundu. Poon akazunguka na koti lake akijitafuta mkono, kisha akasema miwani yake imepotea na hawezi kusoma kiasi, nayo miwani ilikuwa juu ya kichwa. Hapo Ngai akaacha kuvuta zipu. Maisha yake yote alikuwa akitazama ufundi ule kutoka ndani, na sasa kwa mara ya kwanza aliuona kutoka nje. Mwenzake alikuwa akishindwa. Na alikuwa akishindwa vizuri kuliko yeye.

Ukumbi mzima uligeuka. Vijiti vilisimama njiani kuelekea midomoni. Akina mama wa mikokoteni walisogea kuona mabwana wawili wenye adabu namna ile. Mzee mmoja wa meza ya jirani alimwambia mjukuu wake atazame, maana vijana wa siku hizi hawajui tena kugombea bili hivi.

Kisha Bibi Mak akaweka vijiti vyake chini.

"Lun, mwanangu, mwache," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngazi. "Mtu ukimkatalia kulipa nyumbani kwake, ni sawa na kumwambia hana nyumba."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Yule mzee wa meza ya jirani akapiga makofi mawili. Poon akarudi hatua nyuma, akainama kama mtu aliyezidiwa na wema wa dunia, na mkono wake ukatoka ndani ya koti bila tatizo lolote.

"Umenidhalilisha, kaka," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo.

Ngai Chi-Keung, baada ya miaka kumi na mmoja, akawa ameshinda.

Bado alikuwa na bahasha. Alijishika kifua, akaihisi, akatabasamu, akawasindikiza wageni hadi kwenye ngazi, akambebea shangazi maboksi mawili. Alipunga mkono mpaka koti la zambarau lilipopotea kwenye umati wa barabarani. Kisha akaenda chooni, akajifungia, akaifungua bahasha.

Ilijaa zile karatasi za kuagizia za Wing Shun Lau, zinazokaa bure kwenye kila meza pamoja na penseli, zimekunjwa vizuri. Katikati yake zilikuwa risiti tatu: ya Jumanne, ya Alhamisi na ya Jumamosi. Nyuma ya risiti ya mwisho paliandikwa kwa mwandiko mzuri: "Zipu ipake nta ya mshumaa."

Alikaa kwa muda mrefu juu ya choo kilichofunikwa. Mlango wa jikoni ulikuwa hatua kumi, na nyuma ya jikoni zilikuwa ngazi za takataka zinazoshukia uchochoroni. Angeweza kwenda. Lakini kwenda kulikuwa kwenda moja kwa moja. Kesho asubuhi kikombe kingewekwa meza namba sita, kingekaa, kingeondolewa, na baada ya wiki Mzee Sing angeketisha mtu mwingine pale. Ngai angebaki kuwa chumba cha nne, na chumba chenyewe mwezi ule hakina kodi. Alilia, nasema wazi. Alililia meza.

Akatoka, akaenda kwa Mzee Sing aliyesubiri na sinia, akampa pochi.

Mzee Sing aliishika zipu kwa vidole viwili, akaipinda kidogo kushoto, ikafunguka. Ndani kulikuwa na tiketi ya zamani ya tramu.

"Nilijua tangu mwaka wa pili," mzee alisema.

Ngai hakuweza kumtazama. Aliuliza kwa nini basi alimwekea meza miaka yote ile.

"Humu watu mia nne hupita kila asubuhi. Nikiwamiminia chai, wengine hata hawanioni. Wewe uligonga vidole kila siku, hata mdomo ukiwa umejaa." Mzee akakunja taulo. "Sasa twende kwa mzee Tam. Siku yake ya mwaka ni leo, kwa bahati yako mbaya."

Mzee Tam hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa na afya ya punda na sauti ya kengele, na aliposikia kwamba amekuwa akiumwa na kuuza robo, alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. Alimpa Ngai uchaguzi wa aina mbili, na wa pili ulikuwa polisi. Kwa hiyo Ngai aliosha vikapu vya mvuke miezi minne, hadi mikono ikababuka. Mwezi wa tano wakamvisha shati jeupe na taulo begani, kwa kuwa Mzee Sing mgongo ulikuwa umekataa, na kwa kuwa, kama mzee Tam alivyosema, hakuna mtu mjini anayejua zaidi nani kwenye meza hana nia ya kulipa.

Na hapa nadhani nimrudishie jina lake. Yanayofuata niliyafanya mimi.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimebeba mabirika mawili nilipoliona koti la zambarau. Bibi Mak alikuwa anatimiza miaka themanini tena. Pembeni yake alikuwa Poon na pete yake, na mbele yao bwana mnene mwenye tai, aliyekuwa akisema kwa fahari kwamba yeye hula hapa tangu mtoto, kwa hiyo ilimbidi awalete hapa na si kwingine. Poon alikuwa ametazama meza namba sita mara moja, akaona ina watu asiowajua, akatulia. Alihesabu kwamba mtu aliyeaibika namna ile hawezi kukanyaga tena mahali pale. Hesabu nzuri. Mimi mwenyewe ningeifanya.

Niliwamiminia chai wote watatu. Bwana wa tai aligonga vidole. Poon hakugonga. Alikuwa akizungumza juu ya vigae, na uso wangu kwake ulikuwa sehemu ya birika. Uchungu ulinipanda, lakini kicheko nacho kilipanda.

Wakala chewa. Wakala konokono. Shangazi akaomba maboksi, na nilimletea yale makubwa. Bwana wa tai alikuwa mfupi wa subira, akaanza kuinua mkono kuomba bili, na nikaona bega la Poon likianza kulegea kwa mbali, polepole, kama mcheza dansi anayesikia wimbo wake.

Nikamwahi. Nililipeleka sinia mimi mwenyewe na kuliweka mbele ya Poon, si katikati.

"Bosi Poon," nilisema, kwa sauti inayofika kwenye ngazi, "kama ulivyoniagiza ulipoingia. Uliniambia leo ni siku ya shangazi, na nisithubutu kupokea pesa ya mgeni wako hata akinipiga."

Bwana wa tai aliinuka nusu akapinga, akaapa kwa kaburi la mama yake. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba neno la Bosi Poon nimelipokea kwanza na siwezi kulivunja. Kila mtu kwetu hujua mpango huo wa kumnong'oneza mhudumu mapema. Ndio ushindi mkubwa kuliko wote, hauna rufaa. Bwana wa tai akaketi, akamtazama Poon kwa macho ya heshima, na watu wa meza za jirani wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

Poon alitazama sinia. Pembeni ya bili nilikuwa nimeweka kipande cha mshumaa mweupe, kilichotumika nusu.

Aliutazama ule mshumaa kwa muda. Kisha akapandisha macho taratibu, akapita shati, akapita taulo, akafika usoni kwangu, na nikaona ananijua. Bibi Mak naye alinijua, akaanza kukazana kufunga maboksi.

Nikainua birika nikamwongezea chai, ikajaa hadi ukingoni.

Poon Siu-Lun akagonga meza kwa vidole viwili. Halafu akatoa pochi yake, na zipu yake ilifunguka bila kukwama hata kidogo.